Mgeni wa Megabaiti Sitini na Nne

Kompyuta ya baba ilikata roho Januari,
ikaacha harufu ya waya ulioungua, basi.
Fundi akaitazama kama mtu atazamavyo maiti ya jirani,
kwa heshima, bila haraka.
Diski tu ndiyo iliyopona. Akanifungia kwenye gazeti.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, Daugavpils,
bomba la joto likigongagonga ukutani,
nikaanza kumjengea mgeni nyumba ndani ya nyumba.

Jina la mashine pepe?
Nikaandika ARVĪDS.
Kumbukumbu kiasi gani? Ninazo gigabaiti nane.
Nikampimia megabaiti sitini na nne,
riziki aliyoizoea; ukimzidishia anavimbiwa, anaganda.
Prosesa, moja. Sauti, hapana.
Mtandao nikaukata kabisa:
mfumo uliogoma kusasishwa tangu tisini na nane
hauupeleki sokoni, hauna chanjo hata moja.

Nikabonyeza Anza. Kikaja kisanduku chekundu:
mwenyeji hajaruhusu.
Mwenyeji, yaani hii mashine yangu mpya yenye taa za buluu
ninayoilipia hadi Novemba!
Nikaizima, nikaiwasha nimekishikilia kitufe cha F2,
nikashuka hadi kwenye msingi wake, menyu za kijivu zisizo na picha,
nikakuta ruhusa imefungwa tangu kiwandani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nikaifungua.

Weusi. Kisha herufi nyeupe,
zikihesabu kumbukumbu kama mzee anayehesabu chenji
asiyetaka kusaidiwa.
Kipanya changu kikaingia kwenye kidirisha kile, kikanasa.
Nikakisukuma huku, kikagonga ukuta. Kule, ukuta.
Dakika nzima kabla sijakumbuka: Ctrl ya kulia.
Kitufe kimoja tu kati ya mwaka wake na wangu,
na rangi yake imeshaanza kufutika.

Kabla sijagusa chochote nikapiga picha ya hali.
Nikiharibu nitarudi hapa, saa tatu na dakika kumi usiku,
naye hatajua kwamba nilikosea.
Hospitalini hatukuwa na kitufe hicho.

Siku mbili nilikuwa nafungua na kufunga faili tu.
Barafu ya mto, majira baada ya majira:
12 Februari 2003. Sm 41. Imara. Watelezaji sita, mlevi mmoja.
3 Machi 2010. Sm 38. Inalia usiku.
20 Januari 2014. Sm 29. Velta amepiga simu.
(Velta ni mimi. Sikumbuki nilitaka nini.)
9 Februari 2020. Sm 4. Nimepima mara mbili.

Siku ya tatu nikampa jembe.
Nikachukua keekee yake ya barafu, nikateremka mtoni.
Maji. Mabata. Chupa ya plastiki ikienda zake.
Hapakuwa na cha kutoboa.
Nikarudi, nikaandika 0.
Programu ile, aliyoiandika mwenyewe kwa vidole viwili,
ikajibu: THAMANI SI SAHIHI. NENDA UKAPIME TENA.

Nikaenda tena.
Naam, nilivaa buti, nikafunga koti, nikaenda.
Zenta wa ghorofa ya chini akauliza, umesahau nini?
Sifuri, nikamwambia, imekataliwa.
Akanitazama keekee begani, akafunga mlango polepole.

Ningeweza kumrekebisha. Nimeuona mstari wenyewe, wa mia mbili na kumi na mbili:
pale alipoandika *zaidi ya*
ningeongeza *au sawa na*. Nusu dakika.
Hakusahau, nadhani. Hakuona haja.

Nimemsimamisha hivyo hivyo,
alama yake ya kuandikia ikiwa imekoma katikati ya kupepesa,
megabaiti zake zimerudi kwa mwenyeji.
Nimefunga dirisha, lile la kwenye skrini.
Hili jingine nimeliacha wazi tangu asubuhi.
Ni Februari, na sioni baridi.