Kopo Namba 214

Nakuandika tena katika daftari,
wewe wa kopo mia mbili na kumi na nne,
spinachi usiye na jina la dukani.
Majani: manane. Kijani: arubaini na moja kwenye kibano.
Chakula: kijiko kimoja cha naitrojeni,
ng'ambo ya meza wenzio wakipewa upawa.

Wa kijiko wote wamepauka kuanzia chini,
jani kuukuu likimtolea changa chembe ya mwisho
kama mama asemaye amekwisha kula.
Wewe umesimama tu.

Baba yangu, Goulven, hakupima kwa kijiko.
Alipima kwa tangi.
Machi ikiingia, samadi ya nguruwe hadi mpakani,
na juu yake mbolea ya mifuko,
isije ikasemwa tumepunja.
Kiwanda cha kugandisha mboga kilipenda kijani kizito.
Kilicholiwa kililiwa.
Kilichobaki kilishuka na mvua, na Bretagne mvua haina likizo,
kikafuata kijito mpaka ghubani,
mwani ukanenepa kwa jasho letu,
ukaoza, hata manispaa ikatundika bango:
Msipite. Hewa hii inaua.
Nilikuwa na miaka tisa,
na ndoo, na koleo la plastiki.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Jana nilimng'oa pacha wako, nikamwosha bombani,
mzizi ukateremka, ukateremka,
rula ikaisha.

Bibi yako alikuwa gugu katika mawe ya Tajikistan.
Hakuna aliyemletea upawa.
Aliyeshiba hamjui mwenye njaa,
na hawa wa dukani tumewashibisha vizazi na vizazi
hata wamesahau kuchimba.

Mashine imesoma kipande cha jani lako.
Kromosomu ya tatu: wengine wana A,
wewe una G.
Ludivine akaruka, akagonga beseni: tumeipata jeni!
Nikamwambia, herufi moja haiandiki barua.
Mwaka jana tulimshangilia mwingine,
kumbe kopo lake lilikuwa karibu na dirisha.
Tupande tena. Tuchanganye makopo. Tungoje.

(Lakini usiku, sitamwambia Ludivine,
niliisema ile G kimoyomoyo
kama mtu anayejaribu ufunguo gizani.)

Jumapili nilimpelekea baba yule pacha
katika gazeti lenye unyevu.
Akatafuna jani, akalitema kiganjani.
"Chungu."
"Najua, baba."
"Na dogo. Kiwanda hakitalinunua."
"Najua."

Kisha akaunyoosha mzizi mezani, kando ya siagi,
kahawa yake ikapoa.
Kidole kile kilichofungua bomba la tangi miaka thelathini
kikaufuata taratibu, kikavuka kisu, kikavuka mkate,
kikafika ukingo wa meza.
"Na huu," akauliza bila kuinua macho,
"huu ulikuwa unakwenda wapi?"