Sabule

Mtaani Mkomani,
nyumba ya mawe, vyumbani
naishi mimi na nani?
Paka na redio pia.

Mwana wangu yuko Doha;
nikimwona nina raha,
twachekana kwa mizaha
simu inapoingia.

Mwezi ule wa Rajabu
picha ikaleta tabu:
swali langu na jawabu
njiani yakafifia.

Mdomo wazi, haneni,
kama samaki sokoni;
nikauliza, "Kunani?"
asijue nimelia.

Nikalaumu ukuta:
unene wake wapita
dhiraa; pakiwa vita
ndani hutavisikia.

Kila baada ya Isha
vijana hujikalisha
dakani, wainamisha
vichwa, kama wanalia.

Nikasema: "Watu wema!
Mjane kumtazama
ni dini na ni heshima."
Kahawa nikawatia.

Akaja Shebwana fundi,
na miwani, kama bundi,
akasoma ruta: kundi
la simu limevamia.

Kumi na nne kamili!
Ya Bwanaheri, ya Lali,
na runinga, tena mbili,
wikioni zapitia.

Moja "Nyangumi wa Kina":
mwenyewe, na ndevu hana,
ni mjukuu wa Zena,
chooni ajifungia.

"Nenosiri?" akahoji.
"La kiwandani, la mji;
na punda mbeba maji
akitaka aingia!

"Hata lile la asili
la ruta hukubadili;
mwizi akitaka kweli
nyumba atakutwalia.

"Fedha zako za simuni,
picha za mwana na nani,
akizitaka, ni nini
kitakachomzuia?"

Hasira zikanipanda:
wale niliowapenda
kumbe ni ruta wawinda,
si mimi waniwazia.

"Funga yote," nikanena,
"komeo, pingo, na tena
neno refu lisofana
na lolote la dunia."

"Usitie la mwanao,
wala mwaka wa uzao;
hayo ni ya kwanza kwao
wezi kukujaribia."

Maneno nikayashona
manne yasojuana;
usiniulize, bwana,
katu sitakutajia.

Usiku ule wa kwanza
picha haikuniponza;
maneno nikayaanza
na mwisho yakafikia.

Lakini nikifungua
mlango, nilitambua
daka kavu kama bua,
paka amejilalia.

Kahawa ikanipoa,
vikombe sikuvitoa,
kimya kikinikomoa
kwa kufuli nilotia.

Siku ya tatu ni hodi:
mtoto wa kwa Mahadi,
mitihani imezidi
na somo lamkimbia.

"Bi, somo la Hisabati
nyumbani kwetu sipati;
hao wengine kwa neti
sinema waangalia."

Nikawaza: huyu ndiye
peke yake abishaye
mlango; nimnyime yeye
kwa wale wa kudandia?

Nyumba za Lamu, jamani,
mgeni hafiki ndani:
sabule iko njiani,
ndipo anapofikia.

Hula, hunywa, hupumua,
lakini hatatambua
ndani nani augua
wala nani amelia.

Nikamwambia Shebwana:
"Ruta sabule haina?"
Akacheka: "Ipo, nana,
ila hukuniambia."

Sasa ina njia mbili:
yangu, yenye neno kali,
na ya wageni, si mbali,
ukuta waingilia.

Neno hilo hulipati
simuni wala kwa hati:
bisha, ingia, na keti,
ndipo nitakuambia.

Ijumaa hulizika,
jipya nikaliandika,
na ada ninayotaka
gumzo kunipigia.

Hata Nyangumi wa Kina
amekuja, kwa kununa;
kahawa ya moto sana
akanywa na kubakia.

Mwanangu akauliza:
"Ni nani hao? Wapaza
sauti!" Nikageuza
simu, akaangalia.