Saa Mbili Kabla, Saa Sita Baada

Siku ya nne homa ilikuwa bado imelala na baba,
imejifunika blanketi lake, imemwachia ukingo.
Nje, Danube ilikuwa na rangi ya sufuria isiyosuguliwa
na Vidin nzima ilinuka moshi wa makaa.
Nikahesabu vidonge: vinane vimekwenda.
Vinane vimeshuka na maji
na hakuna hata kimoja kilicholeta habari.

"Dawa bandia," alisema kaka yangu Ventsislav,
ambaye humtafuta mkosaji aliye mbali.
"Hamezi," nilisema mimi,
ambaye humtafuta aliye karibu.
Baba akageukia ukuta.
Miaka thelathini na mmoja ya kiwanda cha matairi
ilimfundisha kutojibu penye kelele.

Nikaenda kwa Ognyana, duka la dawa la kona,
mwenye jozi mbili za miwani, moja puani, moja nyweleni.
Hakuuliza anaumwa nini; cheti kilishamwambia.
Aliuliza, "Na kiungulia anakituliza na nini?"

Vile vyeupe. Vya mnanaa.
Viko mfukoni mwa koti, ndani ya kikombe cha mswaki,
chini ya mto kama pipi za mtoto mdokozi.
Daktari alimuuliza kama anatumia dawa nyingine,
akasema hakuna, wala hakudanganya:
kwake ile si dawa, ni chaki ya kufuta moto.

Ognyana akageuza risiti, akachora tumbo
lililofanana na kiatu.
"Hiki kimekuja kuua vijidudu.
Hiki kimekuja kupoza asidi, kina magnesiamu, kina alumini.
Ukivimeza kwa funda moja
vinakutana hapa, vinakumbatiana,
vinanenepa kwa mapenzi hadi mlango wa utumbo hauvitoshi.
Damu inangoja upande wa pili.
Vyenyewe vinapita tu, vinatokea nyuma
kama wageni waliokosea nyumba."

Tunaambiwa mafahali wawili hawakai zizi moja.
Nani alituonya kuhusu wapole wawili?

"Kidonge kwanza, saa mbili kabla ya chaki.
Au saa sita baada yake."
Akagonga kaunta kwa kucha:
"Si saa mbili ya ukutani. Saa mbili za kungoja."
Akampigia daktari simu, maana vile vinane
havikuwa vya kusamehewa hivi hivi.
Nilipofika mlangoni akaniita:
"Na mtindi pia, uwe mbali."
Hapo nikajua kuna vita.
Nchi hii unaweza kumcheleweshea mtu pensheni.
Mtindi?

Nyumbani Ventsislav alikuwa ukingoni mwa kitanda
anapuliza supu, anasema usijali, itapita.
Nikaanza: kwa nini hukumwambia daktari,
na kabla sentensi haijafika
kaka alishaifunika: mwache, amechoka.

Nikasimama na koti langu mwilini.
Tangu mazishi ya mama tumekuwa tukimjia hivyo,
mkali na mpole, funda moja,
tunashikana kizingitini,
naye ndani anangoja.

"Nenda," nilimwambia kaka. "Rudi jioni."
"Nimekosa nini?"
"Hujakosa."

Saa kumi na mbili asubuhi, kidonge, maji matupu.
"Kinanichoma," alisema baba, mkono kifuani.
"Najua."
Nikakaa. Sikumkemea. Kwangu hiyo ni kazi ya sulubu.
Barafu ilidondoka kutoka paani, kipande, kipande.
Ilipokaribia saa ya pili kuisha
aliuambia ukuta:
"Mama yako alikufa
katikati ya watu wanaosema itapita."

Sikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza
sikutafuta.

Kisha akaulizia mtindi.
Nikaleta kopo. Nilikuwa nimeliandika saa
kwa kalamu nyekundu, kubwa, kama treni.
Akalisoma bila miwani, akasonya,
akaliweka dirishani, mahali anapoliona.