Ukurasa wa Mipangilio ya Kina

Newala, saa mbili asubuhi. Ukungu bado umelalia dirisha,
na seva ya chama inahema chini ya meza
kama mbuzi mgonjwa.
Umeme upo. Basi niandike.

Wewe utakayenirithi, jina lako silijui.
Mambo mepesi nimeyaeleza kule mbele:
kuwasha, kuzima, kupokea mizigo ya ghala.
Hapa ni ndani, palipoandikwa kwa wekundu
"Kwa wajuzi tu."
Mimi sikuwa mjuzi. Niliingia.

Kizingiti cha diski: asilimia themanini.
Chipalange aliweka tisini na tano,
na Oktoba ile ya mnada, malori yamepanga foleni hadi sokoni,
mashine ikagoma kumeza hata stakabadhi moja.
Wakulima walilala juu ya magunia.
Themanini. Usipandishe.

Nakala pacha: ndiyo.
Diski mbili huandika neno lilelile kwa wakati mmoja,
moja ikifa, nyingine inaendelea na sentensi.
Nakala ya tatu huenda Mtwara mjini saa nane usiku,
mtandao ukiwa hauna watu. Mvua ikinyesha, haifiki.
Kagua kila asubuhi. Hata Idi.

Kubana mafaili: ndiyo, ila si alama za dole gumba.
Nilizibana mwaka jana, mistari ikafutika,
ingawa, kusema kweli, kwa wabanguaji
mistari ilikuwa imeshaliwa na mafuta ya ganda.

Chaguo la kumi na nne sijui linafanya nini.
Lilikuwa tatu. Nikaweka mbili, simu zikaanza kulia.
Nimelirudisha tatu.

Sasa hili la mwisho:
"Futa kumbukumbu zilizopita miaka saba."
Linatoka kiwandani likiwa ndiyo.
Nimeweka hapana,
na jedwali linanidai sababu, kisanduku chembamba
kisichopokea zaidi ya herufi arobaini, na nafasi inahesabiwa.

Nilianza: Diski ina nafasi. Nikafuta.
Nikaanza: Agizo la bodi. Bodi haijaagiza kitu.
Ukungu ulikuwa unaanza kuachia paa la ghala
nilipoandika:

Asumini Nachunga, gunia 9 hajalipwa

Zimebaki tano.
Moja ya kuvuta pumzi, nne za kuandika mama.
Nimeziacha wazi.
Nimebonyeza hifadhi.