Nyama ya Kopo, Bila Kopo

Kila Krismasi mgodi ulimpa baba kopo moja,
na kopo lilikuja na ufunguo wake mdogo ubavuni.
Aliuchomeka kwenye ulimi wa bati, akazungusha,
bati likajikunja kama ganda la mgomba,
na sisi mabinti watano tukashusha pumzi.

Masika kwanza. Halafu Biira. Kabugho. Mbambu.
Mimi ni Ithungu, wa tano:
kwangu ilifika harufu,
na kifuniko. Nilikilamba, kikanikata.
Mpaka leo chumvi kwangu ina ladha ya damu kidogo.

Mgodi ulifungwa. Reli ya Kasese ikaota nyasi.
Baba alibaki na kikohozi, na kofia ya chuma,
na meno matatu yasiyokutana.
Juzi akasema, uso ameupa ukuta:
"Ile nyama ya kopo. Waliacha kuitengeneza?"

Hawakuacha. Ipo dukani.
Bei yake niliisoma mara mbili, nikalirudisha kopo rafuni.

Nikaenda kwa Kighoma mwenye bucha karibu na daraja,
nikamwambia, kidari. Akacheka.
"Hicho cha supu, dada. Kigumu kama mkopo."
Nipe hicho hicho, nikasema, na mafuta usiyaguse.

Chumvi ni ya Katwe, ya mama mmoja
ambaye ziwa limempasua nyayo.
Nikachemsha maji, chumvi, sukari guru ya kukwangua,
haradali, giligilani, karafuu nne tu
(ya tano ingejifanya mwenye nyumba),
vitunguu saumu nilivyoviponda na maganda yake.
Nikasubiri yapoe. Yapoe kabisa:
maji ya moto huipika nyama nje, ndani ikabaki mjinga.
Kisha nikaizamisha kwenye ndoo,
juu yake jiwe la Nyamwamba, lile lile
lililoingia jikoni kwetu mwaka wa mafuriko
likakataa kutoka.

Siku saba ndoo ilikaa kwenye friji ya soda ya Muhindo,
kati ya Mirinda na maji ya chupa.
Kila jioni nilikwenda kuigeuza,
na kila nikirudi baba aliuliza, kama aulizaye mgonjwa,
"Imelala upande gani leo?"

Siku ya nane niliipika saa moja, bila kuiosha.
Ikawa chumvi yenye nyuzi.
Mbwa wa Muhindo alikunywa maji usiku kucha.
Baba alitafuna, akatafuna, akaniangalia,
akaitoa polepole, akaiweka kando ya sahani
kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Kidari cha pili. Siku saba nyingine.
Sasa nimeiloweka toka magharibi hadi alfajiri,
maji nimemwaga mara mbili, nikayaonja kila mara.
Sigiri, makaa machache, majivu juu yake.
Jani la mgomba mdomoni mwa sufuria, kisha mfuniko.
Isichemke. Itikisike tu,
kama mtu anayecheka msibani.
Saa moja, bado inabisha. Saa mbili, inabisha kwa adabu.
Saa ya tatu na nusu uma ukaingia
na ukatoka wenyewe, bila kuvutwa.
Niliiacha ipumzike humo humo kwenye maji yake,
nikaikata kinyume cha nyuzi,
vipande vyembamba, kabichi pembeni, ugali wa muhogo.

Haikuwa nyekundu. Shura sina,
na kijivu chake kilifanana na mvua ya Kilembe.
Baba aliweka kipande kwenye ufizi, akafumba macho.
Hakutafuna. Hakukuwa na cha kutafuna.
"Siyo yenyewe," akasema.
Nikanyoosha mkono kuchukua sahani. Akaishika.
"Nimesema siyo yenyewe. Sijasema ondoa."

Nilirudi jikoni.
Nikala ukingo wa mafuta nikiwa nimesimama,
kisha katikati, kisha ukingo wa pili.
Ulimi ulikwenda kutafuta damu pale pa zamani.
Haukuipata.