Ndoo Mbili, Kilomita Moja

Mwansa aliweka rula kwenye ramani ya shule,
sifuri juu ya Lubumbashi,
akafumba jicho moja kama seremala.
Sentimita kumi na tano na nusu, Nkambo. Na kitu.
Basi ni kilomita elfu moja mia tano hamsini, na kitu,
mpaka Kinshasa, bila kupinda popote.
Nikamuuliza, hicho kitu ni nini?
Akasema ni unene wa penseli.

Ndege ikiondoka Luano
ni saa mbili na dakika ishirini.
Maharage yangu yanakawia zaidi ya hapo.

Marehemu mume wangu, mtu wa reli, alikwenda mara moja:
behewa mpaka Ilebo, kisha meli ya mto,
siku thelathini na nne.
Za kurudi hakuzitaja,
alivua viatu tu, akaomba maji.

Mimi nauza makala Katuba.
Usiku nilipiga hesabu ya tiketi kwa kidole chenye masizi:
ndoo mbili, kilomita moja.
Siku ya mvua niliuza ndoo moja.
Nikalala nimesogea mita mia tano.
Jirani alipooza binti yake
sufuria zilichemka mpaka alfajiri,
nikaruka kilomita kumi na tisa bila kunyanyuka kigodani.
Pasaka ilinikuta juu ya Kolwezi.
Kiangazi, mahali fulani Kasai,
Mwansa akashikwa na malaria;
nikarudi nyuma kilomita mia mbili,
na hakuna rubani aliyetuomba radhi.

Nilipoanza safari hii
mtoto wa Chola alikuwa na siku tatu.
Sauti yake ilinijia kwenye simu, kilio chembamba,
nikasema, nisubiri, niko njiani.
Sikusema uongo.

Mwezi wa kumi na mbili nilifunga mkanda.
Sikuona mto, sikuona msitu,
niliona bawa, na ukucha wangu mweusi juu ya kioo.
Tulipotua tuliambiwa turudishe saa nyuma:
huku jua huchelewa, mmepata saa moja ya bure.
Abiria walicheka. Mimi niliikunja
kama noti ya mwisho, nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

Mlangoni kwa Chola mtoto alisimama kwa miguu yake.
Akanitazama. Akakimbilia nyuma ya mama yake.

Kati yangu na yeye palikuwa na zulia moja,
na hapo rula ya Mwansa haifiki.
Nikaketi sakafuni.
Nikafungua pindo, nikaitoa ile saa,
nikaanza kuitumia, dakika baada ya dakika,
bila kumwita,
mikono wazi juu ya magoti,
hadi vidole vyake vikaja kuchunguza
ule weusi usiotoka.

Wakati wa kurudi waliichukua saa yao.
Sikuidai.