Kilomita Sifuri

Danubi huhesabiwa kinyume.
Sifuri iko baharini, na ukiteremka
namba za vibao vya ukingoni zinapungua
kama deni la mtu mwenye subira.

Tulitoka Mohács, elfu moja mia nne arobaini na saba,
mimi na kaka yangu Dezső,
ndani ya mashua ya marehemu baba.
Mnunuzi yuko Sulina. Bei tulikubaliana kwa simu,
na baada ya hapo hatukukubaliana tena jambo.

Ubavuni baba aliandika, kwa rangi nyeupe, VILMA.
Kwetu hakuna Vilma.
Mama alilipita jina lile miaka ishirini na sita
na kikapu chake cha samaki, hakuuliza,
nasi tukajifunza kwake kutouliza.

Yeye omo, mimi tezi.
Ngamani maji yanaingia, kikombe kwa kikombe,
kila mmoja anangoja mwenzake ainame.
Mimi nina risiti za dizeli ndani ya kopo la biskuti.
Yeye ana kimya cha miaka tisa ughaibuni,
anakipiga pasi kila asubuhi, anakivaa.

Novi Sad, mkate na pilipili za kuchoma.
Chini ya Belgradi upepo ulitukabili usoni,
siku mbili tumefungwa kwenye mwerebi
tukicheza karata bila kuhesabu pointi.

Kisha magenge, na mto mweusi, mzito.
Hapo kuna kisiwa kilichozamishwa zamani
walipojenga bwawa: maduka, mnara, makaburi.
Dezső alizima injini.
Tukapita juu yake kwa mkondo tu.

Kwenye Lango la Chuma tulisubiri saa saba
hadi tukaingizwa nyuma ya matishari ya makaa.
Milango ikafungwa. Maji yakaanza kutuacha,
kuta zikapanda, zina utelezi, zina kome,
na nguzo za kufungia zikashuka nasi zikisaga meno.
Kamba ya omo mikononi mwake, ya tezi mwangu.
Akivuta yeye, nagonga ukuta mimi.
"Legeza," alisema.
"Legeza wewe."
Juu, mbingu ilibaki upana wa shuka.
Sijui nani alitangulia.

Usiku ule nilisikia kopo likikwangua ngamani.
Nikaamka, nikatafuta la pili.

Sulina, Bwana Haralambie alikuja na kandambili,
akagonga mbao kwa kifundo cha kidole,
akachungulia ngamani: kukavu.
Akaelekeza ubavuni. "Vilma ni nani?"

"Mama," nilisema.
"Mama," alisema Dezső,
kwa pamoja, kama watoto walioulizwa
nani kavunja dirisha.

Akahesabu noti, akarudia, akalamba kidole.
Dezső akaniuliza kama nina njaa.